Kabla Hujatafuta wa Kukupikia

Uyole,
Jumapili alasiri.

Mwanangu Ambakisye,

Kesho asubuhi utapanda gari peke yako. Dada yako Subilaga haji nawe. Nimeamua hivyo leo mchana, wakati wewe umepanda kule mlimani kumuaga bibi yako, na ukirudi nitakuambia kwa maneno mawili matatu, kama ninavyojua mimi kusema. Lakini sababu yenyewe haitoki mdomoni. Nimejaribu kuitoa tangu siku ile ulipoingia na karatasi ya kupangiwa shule, nikashindwa. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa jioni hii utakuwa hapa mbele yangu. Mama yako amechungulia mara mbili kuniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika mambo ya maharage. Sikumdanganya.

Barua hii nitaitia kwenye gunia la maharage, juu kabisa. Utaiona siku utakapofungua gunia. Usipolifungua, basi sina namna ya kukusaidia.

Mambo ya kuamka mapema, kumheshimu mwalimu mkuu na kuchagua marafiki umeyasikia mpaka yamekuchosha, na mengi umeyasikia kwangu. Leo nataka tuongee habari ya chakula. Najua utacheka. Umemaliza chuo cha ualimu, umepewa darasa lako, halafu baba yako anakuandikia habari ya ugali. Cheka, lakini soma.

Juzi tulipokuwa tunakula, mama yako alikuuliza utakula nini huko. Ulijibu, "Si mtanipa Subilaga? Na baadaye nitatafuta wa kunipikia." Mama yako akacheka, dada yako akainamia sahani yake. Mimi nikanawa mikono, nikatoka nje. Mlidhani naenda kuangalia ng'ombe. Sikwenda kwa ng'ombe. Nilisimama nyuma ya nyumba, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti ile ile, nikiwa na umri wako, na sehemu ile ile unayokwenda.

Unajua kwamba nimewahi kufanya kazi Mufindi. Unadhani nilipita tu. Nilikaa kule miaka minne, kabla ya Uhuru, nikiwa karani wa mizani kwenye shamba la chai. Nilipewa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, kitanda cha mbao na dirisha la ubao. Baridi ya kule si hii yetu. Ukungu unaweza kushuka Jumatatu ukaondoka Alhamisi. Unaingia hadi ndani ya blanketi.

Sikujua kupika chochote. Kwetu, kijana akikaribia mafiga aliulizwa kama anataka kuota matiti. Kwa hiyo wiki za kwanza nilikula mahindi ya kuchoma na chai. Nikikutana na mkate nilikula mkate. Mwezi wa pili suruali yangu ilikuwa inashikiliwa na kamba. Ndipo siku moja nikasema nitapika maharage, kwani yana ugumu gani. Nikayatia kwenye sufuria makavu vile vile yalivyotoka gunia, nikaweka maji, nikachochea. Baada ya saa moja maganda yalianza kupasuka, nikaona yameiva. Nikala sahani nzima, yakilia katikati ya meno.

Mwanangu, nilitapika mpaka nikaona njano. Maharage yasiyoiva ni sumu, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilijikokota hadi mlangoni nikakaa pale kichwa kikiwa katikati ya magoti. Chumba cha pili kilikuwa cha mzee mmoja Mhehe, mchuma chai, aliyekuwa anakaa na binti wa dada yake. Binti yule alitoka na bakuli. Akaliweka chini mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kunywa polepole," akasema. "Usigugumie."

Ulikuwa uji wa ulezi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuonja kitu kama kile. Nilipomrudishia bakuli nilimuuliza jina. Yustina. Kwao ni kijijini, karibu na misheni ya Tosamaganga.

Baada ya miezi minne nilimuoa.

Ndiyo, Ambakisye. Kabla ya mama yako nilikuwa na mke. Mama yako anajua, nilimwambia kabla hajaniambia ndiyo. Wewe na dada yako hamkujua, na hilo ni kosa langu, lakini si kubwa kuliko haya ninayokuja nayo.

Watu wa kambi walisema nimependa. Hata mimi nilisema nimependa. Sasa nina mvi na naweza kusema kweli: nilikuwa na njaa. Nilioa ule uji. Kila nikirudi kutoka mizani nilianza kunusa nikiwa njiani, na nikiingia nilikaa nikanyoosha mikono ninawishwe. Sikumuuliza siku yake ilikuwaje, na yeye alikuwa ameshinda kwenye ukungu ule ule akichuma, kikapu mgongoni, vidole vimepasuka. Sikujua anapenda nini, anaogopa nini, wala wimbo gani anaimba akiwa peke yake. Siku moja nilikuta ugali haujawa tayari. Aliniambia kuni zilikuwa mbichi. Nikasimama, nikaenda kula kwa karani mwenzangu, nikarudi nimeshiba, nikalala. Ugali wake ulibaki umefunikwa. Niliona ninamfundisha.

Mwaka wa pili akapata mimba. Ilipofika mwezi wa sita wa mimba ile, homa ikampata. Ilikuwa kipupwe, wakati mbaya kabisa. Mjomba wake alikuwa amesharudi kwao, tulibaki wawili. Nilirudi kazini nikamkuta amejikunja kitandani, meno yanagongana. Unajua nilimuuliza nini?

Nilimuuliza, "Kuna chakula?"

Kalamu imekataa hapo, nimeiweka chini nikainua tena. Hayo ndiyo niliyosema. Alitikisa kichwa. Nikaenda kula kwa mwenzangu. Mke wa mwenzangu aliniuliza hali ya Yustina, nikajibu anaendelea vizuri, maana niliona haya kusema kwamba nyumbani kwangu hakuna moto. Ningesema kweli, mama yule angechukua unga wake akaja. Nilimfungia mlango mtu ambaye angemsaidia.

Siku ya pili nilimletea mkate. Hakuweza kuumeza. Akanishika mkono, mkono wake unaunguza, akasema, "Nipikie uji. Mwepesi tu. Maji na unga, ukoroge. Hakuna kingine."

Mahali pa kupikia palikuwa nje, chini ya paa moja la bati, na wanawake wote wa kambi walipika pale. Nilichukua sufuria nikaenda. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi hivi, mmoja wao akaniona, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, wakanitazama. Hawakucheka. Walinitazama tu. Nikageuka. Nikarudi na sufuria yangu tupu nikamwambia mke wangu kwamba kuni zimelowa.

Yeye alijua ninadanganya. Aligeuza uso ukutani.

Siku ya tatu alikuja mama yake. Sijui nani alimpelekea habari. Alishuka kwenye lori la mbao huku nimesimama mlangoni. Nilimwamkia, "Kamwene, mama," hakuitikia. Aliingia, akamgusa binti yake shingoni, akatoka na sufuria yangu bila kunitazama. Baada ya muda mfupi tu alirudi na uji. Hivyo tu. Kitu kilichonishinda siku tatu kilimchukua muda wa mtu kwenda kisimani.

Lori lilipokuwa linarudi Iringa tulipanda sote watatu, Yustina amelala mapajani mwa mama yake. Tulimfikisha hospitali. Wakaishusha homa. Lakini mtoto alitoka, na hakuwa hai. Alikuwa wa kiume.

Sijui kama uji ungemwokoa. Muuguzi aliniambia homa yenyewe inatosha kuua mimba. Huenda alinihurumia. Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi katika nyumba yoyote, na sitakudanganya kwamba nimepata jibu.

Alipotolewa hospitali tulimpeleka kwa mama yake. Nilidhani nitarudi kazini. Mama mkwe akanizuia uani. Sasa elewa, kwa Wahehe, na hata kwetu, mkwe mwanamume na mama mkwe hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Mama yule alisimama amenipa mgongo, akaongea akiutazama ukuta wa nyumba.

"Wewe Mnyakyusa, ingia jikoni."

"Mama, mimi sijui kupika."

"Najua hujui. Mjukuu wangu angekuwa hai ningemwambia vivyo hivyo. Ingia."

Nikaingia. Yeye akakaa nje ya mlango wa jiko, kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Wiki nzima alikaa hivyo. Hakuwahi kugeuka. Alinifundisha kwa pua na masikio.

Uji wangu wa kwanza ulikuwa madonge matupu. Nilimwaga unga kwenye maji yanayochemka. "Umeua," akasema kutoka nje, maana alisikia jinsi maji yalivyonyamaza ghafla. "Unga kwanza ukoroge na maji baridi kwenye bakuli, mpaka uwe kama maziwa. Ndipo umimine, na mkono usisimame." Yustina aliunywa ule wa madonge. Aliyasogeza pembeni kwa kijiko, moja moja, akanywa uliobaki.

Maharage alinifundisha siku ya pili. Yachague, uyaoshe, uyaloweke jioni, asubuhi yatakuwa yamevimba. Maji uliyolowekea mwaga. Tia maji mapya, chemsha kwa moto mkali kwanza, kisha punguza kuni na ufunike. Chumvi isitiwe mapema. Nilimuuliza nitajuaje yameiva. "Sikiliza," akasema. "Yakiwa mabichi yanagonga sufuria. Yakiiva yananyamaza. Halafu chukua moja, libonyeze kwa kidole na ulimi. Likikataa, ongeza maji ya moto, usiongeze ya baridi." Nilikaa nimetega sikio kwenye sufuria kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Na kweli, baada ya muda yalinyamaza.

Siku nyingine aliniambia, "Mtu wa peke yake hana haja ya sufuria mbili." Akanipikisha viazi ndani ya maharage yale yale. Maharage yakikaribia kuiva unatia viazi vilivyomenywa na kitunguu kilichokatwa, chumvi, unafunika. Vikilainika unaponda vichache kwa mgongo wa upawa, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Hakukuwa na mafuta. Alisema mafuta ni ya sherehe. Mwenye karanga ana mafuta. Twanga karanga, changanya na maji kidogo, mimina juu ya majani ya maboga au mnafu, acha vichemke polepole bila kufunika. Nakuandikia haya kwa sababu mwezi huu mama yako amekwenda dukani mara nne, na mara zote nne mafuta hakuna, na huko kijijini kwako sidhani kama yapo. Gunia dogo lililofungwa kwa kamba nyekundu ni karanga. Usizitafune zote barabarani.

Watu wa kijiji walikuja kuangalia. Wanaume walipita uani wakajifanya wanaulizia jembe. Mmoja akauliza, "Mama, huyu mkwe wako amepata ugonjwa gani?" Mama yule akajibu bila kugeuza shingo, "Ndiyo anapona." Mimi macho yalikuwa yanatoka machozi ya moshi, na sio ya moshi peke yake.

Siku ya sita nilipeleka sahani ya maharage na viazi. Yustina alikuwa amekaa juani, kitambaa kichwani. Alionja, akasema, "Chumvi kidogo." Nikakimbia kuleta chumvi. Alikula yote. Moyo wangu uliruka, Ambakisye. Nikajiambia amenisamehe. Usiku sikupata usingizi kwa furaha, na asubuhi nikaanza kufunga kitenge chake na vyombo vyetu ili turudi kambini.

Alinikuta nafunga. Akakaa kwenye kizingiti.

"Nilikukuta pale mlangoni kwako unatapika," akasema, "ukaona bakuli. Hukuniona mimi. Sasa unajua kupika. Tumbo lako lina mikono yake. Niambie basi, unanitakia nini kingine?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta. Nilikuwa nimelala na mwanamke yule karibu miaka miwili, nikala mamia ya sahani kutoka mkononi mwake, na nilipotafuta kitu kimoja cha kumtaja yeye, yeye mwenyewe, kisichokuwa chakula, sikukipata. Nilisema, "Wewe ni mke wangu." Akangoja. Hakukuwa na kingine.

Akasimama, akachukua kitenge chake kutoka kwenye furushi langu taratibu, bila hasira. Hasira ningeiweza.

Nikarudi Mufindi peke yangu. Wazee wa pande zote walikaa wakamaliza mambo kwa heshima. Baadaye aliolewa na fundi mmoja wa hukohuko kwao, nikasikia wana watoto. Sikumwona tena. Nilikaa kambini miaka miwili mingine, nikapika pale pale chini ya bati, katikati ya wanawake wale wale. Wiki ya kwanza walinyamaza. Wiki ya pili mmoja aliniambia sufuria yangu inafurika. Wiki ya tatu tulikuwa tunaombana chumvi. Kumbe kilichonishinda siku ile hakikuwa kitu. Zilikuwa hatua kumi, na mtu amelala nyuma yangu ananisubiri.

Nilihamia huku, nikamwona mama yako kanisani Uyole akibishana na mzee wa kanisa kuhusu bei ya vitabu vya nyimbo. Sikuwa na njaa. Nilimchumbia mama yako nikiwa nimeshiba, ndiyo maana nilimwona. Nilijua anapenda ndizi zilizoiva za kuchoma na hapendi kuulizwa jambo mara mbili, kabla sijajua kama anajua kusonga ugali. Na kwa kweli ugali wake wakati ule ulikuwa mbaya. Usimwambie.

Sasa sikiliza kosa la pili, hili linakuhusu. Ulipokuwa na miaka saba mama yako alilazwa wiki mbili, Subilaga alipozaliwa. Unakumbuka ulikula vizuri. Ulidhani shangazi yako alikuwa anapika alfajiri na kuondoka. Nilikuwa mimi. Nilifunga mlango wa jiko nikapika, nikakuambia shangazi amepita. Baada ya yote yaliyonipata bado niliona haya mbele ya mwanangu wa miaka saba. Ningekuacha uingie, ukae kwenye kigoda, unione. Nilikufundisha kukamua ng'ombe, kupanga matuta, kusoma saa. Hilo moja, ambalo nililipa gharama kubwa kulijua, nilikuficha. Ndiyo maana unaondoka kesho una miaka ishirini na moja na hujui kwamba maharage hulowekwa. Na mimi nina alasiri moja na kalamu.

Nirudi kwa dada yako. Leo mchana nilimkuta anapanga nguo kwenye mfuko. Chini kabisa, chini ya nguo, ameweka madaftari yake ya darasa la sita. Nikamuuliza, "Ya nini hayo, na huko unakwenda kupika?"

Akasema, "Nitasoma kaka akiwa shuleni, tata."

"Unataka kwenda?"

"Mama amesema."

"Nimekuuliza wewe."

Akalisukuma daftari la juu chini ya nguo. Kisha akasema kwa sauti ambayo karibu sikuisikia, "Mtihani ni mwakani."

Mama yako na mimi tumegombana, utamkuta amevimba. Aliniambia, "Unataka mwanangu afe njaa kwenye ukungu ule." Aliniambia mwanamume hawezi kukaa peke yake. Nikamjibu mimi nimekaa. Akasema, "Wewe ulifundishwa kwa kilio." Nikasema na huyu nitamwandikia. Akasema karatasi haipiki. Nikaja nikakaa hapa mezani. Usimkasirikie. Anaogopa kama mimi, ila hofu yake na yangu hazitazami upande mmoja. Yeye anaogopa utakufa njaa. Mimi naogopa utakuja kumtazama mtu ukaona bakuli, na ningeanza kwa kukupa dada yako, ningekuwa nimekufungulia njia mimi mwenyewe.

Nasikia wingu linanguruma upande wa mlima, na wewe uko njiani. Niandike haraka.

Baridi ikikuzidi usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga dirisha ukalala. Hilo siandiki kwa ushauri, naandika kwa kukuomba. Kambini kwetu walikutwa wawili asubuhi wamekufa kwa moshi wa mkaa, vijana wenye nguvu zao, wameshikana mikono. Acha dirisha wazi hata kama unatetemeka. Jifunike magunia.

Pika mara moja, kula mara mbili. Maharage ya jioni uyachemshe tena asubuhi mpaka yatoe povu, ule na kiazi cha kuchemsha kabla hujaingia darasani. Mwalimu mwenye njaa huwachapa watoto bure, nimewaona. Ugali wa mtu mmoja usiusonge kwa macho: pima maji kwa kikombe kile kile kila siku, mpaka mkono ujue. Mboga hununui. Otesha chainizi na figili nyuma ya chumba wiki ya kwanza, kule kwenye ukungu vinaota hata ukivitupa. Dagaa waliomo kwenye kopo uwaoshe maji ya moto kabla ya kuwapika, wana mchanga wa ziwani, na wachache wanatosha kutia ladha sufuria nzima.

Utaunguza. Utasahau sufuria ukisahihisha madaftari, moshi utajaa hadi darini. Utapika ugali mgumu wa kujengea. Kula hivyohivyo, kesho yake utapungua ugumu. Mimi ninachoogopa ni siku ya kumi na tano hivi, umechoka, mvua imezima moto mara mbili, na binti wa mtu atapita na kuuliza kama umekula. Mshukuru. Kula alichokuletea, usijidai. Lakini kesho yake umrudishie bakuli lake likiwa na kitu ulichopika wewe, hata kama kimeungua, na ukae umuulize jina lake, na wazazi wake, na anacheka kwa sababu gani. Ukikuta unataka kumjua hata tumbo likiwa limejaa, hapo utuandikie, mimi na mama yako tutakuja na wazee.

Wakija walimu wenzako wakakukuta umeinama unapuliza moto, usisimame. Waambie wakae.

Mwanangu, najua namna barua zinavyoandikwa. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu, salamu kwa wote. Nikiwa Mufindi niliwaandikia wazazi wangu hivyo kila mwezi. Niliandika hivyo wiki niliyotapika nikaona njano, na niliandika hivyo Yustina alipokuwa amegeukia ukutani. Bibi yako anazo barua zile mpaka leo, zote zinasema sijambo. Kwa hiyo usiniandikie kwamba hujambo, sitaamini. Niandikie umekula nini, na nani alikipika.

Ni mimi baba yako,
Lugano.